Visakramenti si Hirizi: Mafundisho ya Kanisa kuhusu Vitu Vitakatifu na Ushirikina

Katika nyumba nyingi za waamini wetu kuna msalaba ukutani, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, rozari iliyotundikwa kwenye msumari, tawi la mtende lililohifadhiwa tangu Dominika ya Matawi, na chupa ya maji ya baraka. Ni vitu vinavyotukumbusha kwamba nyumba hiyo ni ya Kristo. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba hizohizo, chini ya mto wa mtoto au ndani ya pindo la nguo, kuna pia hirizi iliyoshonwa kwa kitambaa cheusi. Mwenye nyumba haoni mgongano wowote: kwake vyote ni kinga, na kinga mbili ni bora kuliko moja.

Kwa upande mwingine, wapo ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaotuambia kwamba rozari na skapulari ni hirizi za Wakatoliki. Tukiwatazama vizuri watu hawa wawili, yule anayechanganya na yule anayetushutumu, tunaona kwamba wanakosea kwa namna moja. Wote wawili wanadhani kwamba Kanisa linafundisha kuwa nguvu imo ndani ya kitu chenyewe. Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Katika makala haya tunapenda kueleza visakramenti ni nini, ushirikina ni nini, na mpaka kati ya mambo hayo mawili unapita wapi, ili kila mwamini aweze kuijibu imani yake na kuiishi kwa moyo usiogawanyika.

Visakramenti ni nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu (na. 60), unaeleza visakramenti kuwa ni ishara takatifu zilizowekwa na Kanisa, zenye kufanana kwa kiasi fulani na Sakramenti, ambazo kwazo hupatikana matunda, hasa ya kiroho, kwa njia ya maombezi ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayafafanua mafundisho hayo kuanzia namba 1667 hadi 1679, na Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unayarudia katika kanuni ya 1166.

Tofauti kati ya Sakramenti na visakramenti ni ya msingi. Sakramenti ni 7, nazo ziliwekwa na Kristo mwenyewe. Hutoa neema kwa nguvu ya tendo lenyewe linaloadhimishwa, kwa kuwa ndani yake ni Kristo anayetenda. Visakramenti viliwekwa na Kanisa, wala havitoi neema ya Roho Mtakatifu kwa namna ya Sakramenti. Kazi yake ni kututayarisha tupokee neema na kutuwezesha kushirikiana nayo (Katekisimu, na. 1670). Nguvu yake inatokana na sala ya Kanisa, na matunda yake kwetu yanategemea imani na utayari wa moyo wa anayevitumia.

Ikumbukwe pia kwamba visakramenti si vitu tu. Nafasi ya kwanza ni ya baraka: baraka ya watu, ya chakula, ya nyumba, ya mashamba na mbegu. Majivu ya mwanzo wa Kwaresima, mishumaa inayobarikiwa tarehe 2 Februari, ishara ya msalaba tunayojifanyia tunapoingia kanisani, vyote vimo katika familia hii. Rozari, medali na skapulari vinaingia humo kwa sababu vimebarikiwa na vinaambatana na sala.

Ushirikina ni nini?

Neno ushirikina lina mzizi mmoja na neno shirika na neno ushirika. Mshirikina ni mtu anayemshirikisha Mungu na visivyo Mungu, anayegawa kati ya Muumba na viumbe ile imani ambayo ni haki ya Muumba peke yake. Lugha yetu imetupatia hapa somo zuri la katekesi: Mkristo ameitwa katika ushirika wa watakatifu, na ushirikina ni ushirika uliopotoka.

Katekisimu inauweka ushirikina chini ya makosa dhidi ya Amri ya Kwanza ya Mungu. Lakini namba 2111 inatugusa sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Inafundisha kwamba ushirikina unaweza kuingia hata katika ibada tunayomtolea Mungu wa kweli. Mtu anayedhani kwamba sala au ishara takatifu inafanya kazi kwa sababu tu ya kutekelezwa kwa nje, bila kujali hali ya moyo inayodaiwa, ameanguka katika ushirikina. Kwa hiyo haitoshi kusema, “Hii ni rozari, si hirizi, basi niko salama.” Rozari inaweza kushikwa kama hirizi. Kisha namba 2115 hadi 2117 zinakataza kupiga ramli, kutafuta kujua mambo yajayo kwa njia za siri, uchawi wa kila aina, hata ule unaodaiwa kuwa wa kuponya, na pia uvaaji wa hirizi.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha nini?

Hakuna habari inayoueleza mpaka huu vizuri kuliko ile ya nyoka wa shaba. Katika kitabu cha Hesabu (21:4-9), Waisraeli walioumwa na nyoka jangwani walipona kwa kumtazama nyoka wa shaba ambaye Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu. Kitu hicho kilitoka kwa Mungu, na uponyaji ulikuwa wa kweli. Kitabu cha Hekima ya Sulemani (16:5-7) kinaongeza ufafanuzi: aliyegeuka kutazama hakuokolewa na kile alichokitazama, bali na Mungu aliye Mwokozi wa wote. Karne nyingi baadaye, watu walianza kumfukizia ubani nyoka yuleyule, wakampa na jina, Nehushtani. Mfalme Hezekia, aliyesifiwa kwa uaminifu wake, alimvunja vipandevipande (2 Wafalme 18:4). Shaba ilikuwa ileile. Moyo wa watu ndio uliokuwa umebadilika. Ishara iliyowaelekeza kwa Mungu ilikuwa imechukua nafasi ya Mungu.

Habari ya Sanduku la Agano inafundisha jambo hilohilo. Baada ya kushindwa mara ya kwanza na Wafilisti, wazee wa Israeli waliamua kulileta Sanduku vitani ili liwaokoe. Hawakutubu, wala hawakumwuliza Bwana. Walishindwa vibaya zaidi, wakaanguka askari 30,000 wa miguu, na Sanduku lenyewe likatekwa (1 Samweli 4). Kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo hakikuwafaa kitu walipokitumia kama silaha ya kumlazimisha Mungu.

Kuhusu hirizi zenyewe, kitabu cha Pili cha Wamakabayo (12:39-45) kinasimulia kwamba Yuda Makabayo na watu wake, walipokwenda kuzika askari wao walioanguka vitani, walikuta chini ya nguo za kila mmoja vitu vilivyowekwa wakfu kwa sanamu za Yamnia. Walikuwa wapiganaji wa upande wa Mungu, nao wamevaa kinga za miungu mingine. Yuda hakuwatupa. Aliagiza watu wasali, akachanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi yao. Tunajifunza hapa uzito wa kosa, na papo hapo tunajifunza huruma kwa waliokosa.

Katika Agano Jipya, mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 aligusa vazi la Yesu akapona, lakini Yesu alimwambia wazi kwamba imani yake ndiyo iliyomponya (Marko 5:25-34). Katika Matendo ya Mitume sura ya 19, leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zinapelekwa kwa wagonjwa nao wanapona. Mara tu baada ya hapo, wana wa Skewa wanalitumia jina la Yesu kama maneno ya kichawi, nao wanapigwa na kukimbia uchi. Maandiko yameziweka habari hizo bega kwa bega. Mungu anaweza kutumia kitambaa akipenda. Mwanadamu hawezi kulitumia hata jina takatifu kama chombo chake.

Mtazamo wa Kanisa katika historia

Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha takatifu inamwendea yule anayewakilishwa na picha hiyo. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho mwezi Desemba 1563, ulikazia kwamba picha haziheshimiwi kana kwamba ndani yake mna umungu au nguvu fulani, ukaagiza ushirikina wote uondolewe katika heshima kwa watakatifu, masalia na picha zao.

Katika nyakati zetu, Kitabu cha Baraka kilichotolewa mwaka 1984 kinaelekeza kwamba, kwa kawaida, kitu au mahali pasibarikiwe kwa ishara ya mkono peke yake bila Neno la Mungu wala sala yoyote. Sababu inayotajwa ni kuwasaidia waamini washiriki kikamilifu na kuwaepusha na ushirikina. Mwaka 2001 Vatikano ilitoa Mwongozo kuhusu Ibada za Watu na Liturujia, ambao unazisifu ibada za rozari, skapulari na medali, na wakati huohuo unaonya zisigeuzwe kuwa kinga za kichawi. Kwa hiyo anayekemea matumizi ya rozari kama hirizi hasemi jambo geni. Anarudia sauti ya Kanisa lenyewe.

Mifano ya visakramenti tunavyovitumia

Rozari ni chombo cha kusali. Punje zake hutusaidia kuhesabu ili akili iwe huru kuyatafakari mafumbo ya maisha ya Kristo pamoja na Mama yake, yale ya furaha, ya mwanga, ya uchungu na ya utukufu. Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1974 kuhusu heshima kwa Bikira Maria, aliifananisha rozari isiyo na tafakari na mwili usio na roho. Kuivaa shingoni kwa heshima si dhambi, lakini rozari inayovaliwa mwaka mzima bila kusaliwa haijatimiza kazi yake.

Skapulari ya kahawia ilitokana na vazi la watawa Wakarmeli. Anayevishwa anajiunga na familia ya kiroho ya Karmeli na kuahidi kuishi kwa kumwiga Maria. Mara ya kwanza huvishwa na padre. Ikichakaa, mwamini anavaa nyingine bila kuvishwa upya. Mwaka 1910 Papa Pius X aliruhusu medali itumike badala ya kitambaa. Ruhusa hiyo inatusaidia kuelewa: kama nguvu ingekuwa katika sufu, isingewezekana kuibadilisha kwa chuma. Ahadi inayohusishwa na skapulari haimpi mtu kibali cha kutenda dhambi wiki nzima akitegemea kamba shingoni.

Medali ya Mimba Isiyo na Doa, inayojulikana na wengi kama Medali ya Miujiza, inatokana na maono ya Mtakatifu Catherine Labouré mjini Paris mwaka 1830, na ilianza kutengenezwa mwaka 1832. Juu yake imeandikwa sala fupi ya kumwomba Maria atuombee. Ni medali inayosali, na anayeivaa anaalikwa kuisali.

Maji ya baraka hutukumbusha Ubatizo wetu. Tunapochovya vidole mlangoni mwa kanisa tunasema tena ndiyo ile tuliyoisema, au tuliyosemewa, siku ile ya kwanza, pamoja na kumkataa Shetani na fahari zake zote. Mahujaji wengi huchota maji Namugongo wanapoadhimisha Mashahidi wa Uganda, na wengine huyachota Lourdes, Ufaransa. Ni desturi njema. Lakini tusisahau kwamba Mtakatifu Bernadette, aliyeichimbua chemchemi ya Lourdes kwa mikono yake mwaka 1858, aliugua kwa muda mrefu na kufariki mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 35. Maji yale hayakumwondolea msalaba wake. Alipewa neema ya kuubeba.

Mpaka unavukwa wapi?

Kwa kawaida mpaka hauvukwi siku moja. Mtu huanza kwa imani ya kweli, kisha hofu inaingia, na kidogo kidogo kitu kinachukua nafasi ya Mungu. Tunataja dalili chache zinazoonekana katika parokia zetu.

Ya kwanza ni kudai matokeo ya hakika. Mtu anasema, “Nikifukia medali 4 kwenye pembe za kiwanja, hakuna mchawi atakayeingia.” Sala humwomba Mungu na kuyapokea mapenzi yake, ushirikina humpa Mungu masharti.

Ya pili ni idadi na utaratibu wa siri: kunyunyiza maji mara 7 usiku wa manane bila kutazama nyuma, au kunakili sala na kuituma kwa watu 12 kwa simu, la sivyo balaa litakupata. Sala inayomtisha msomaji wake haitoki kwa Baba. Mwamini anayeipokea aifute kwa amani, wala asimtumie mwingine.

Ya tatu ni kitu kuchukua nafasi ya wongofu. Dereva ametundika rozari kwenye kioo cha daladala, lakini anaendesha amelewa. Mfanyabiashara ananyunyiza maji ya baraka dukani, na mizani yake inapunja. Hawa wanaomba ulinzi wa Mungu huku wakimfukuza.

Ya nne ni kuchanganya. Wapo waganga wanaomwagiza mteja alete rozari, mshumaa wa kanisani au maji ya baraka ili wavitumie katika kazi zao. Kumpelekea mganga vitu hivyo ni kuvinajisi. Kanuni ya 1171 inaagiza vitu vitakatifu vitendewe kwa heshima, wala visitumike kwa matumizi yasiyofaa.

Ya tano ni biashara. Ni halali kulipia gharama ya rozari au chupa. Baraka haiuzwi. Anayeuza mafuta, chumvi au maji kwa bei iliyopandishwa kwa madai kwamba yana “upako” mkubwa zaidi anafuata nyayo za Simoni mchawi, aliyetaka kununua kwa fedha kipaji cha Mungu (Matendo 8:18-24).

Kwa nini jambo hili ni zito

Tukumbuke kwamba ushirikina si kosa la mawazo tu. Ni ramli chonganishi inayomtaja jirani kuwa chanzo cha ugonjwa, na ukoo unagawanyika kwa vizazi. Katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni walikopikia watoto na wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba kiungo cha mwanadamu kinaleta utajiri. Anayeamini kwamba nguvu imo katika kitu, leo atatafuta kitambaa, na kesho anaweza kuagizwa damu.

Wapo pia watoto wanaofariki kwa malaria, au wanaoteseka kwa kifafa na selimundu, kwa kuwa siku za kwanza zilipotea kwa mganga. Wengine wanapotezewa siku hizo kwa kupakwa mafuta ya maombi huku wakizuiwa kwenda hospitali. Kanisa halikubali hili wala lile. Yoshua bin Sira (38:1-15) anatufundisha kusali tunapougua, na kumpa tabibu nafasi yake kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba. Kanisa linalobariki medali ndilo lililojenga zahanati na hospitali, ikiwemo Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Mvishe mtoto medali, umsalie, na umpeleke hospitali leo.

Tunajua kwamba wengi wanaokwenda kwa waganga hawaendi kwa kiburi. Wanakwenda kwa uchungu. Mama aliyezika watoto wawili na wa tatu anaugua hana nafasi ya kusoma kanuni. Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hiyo jumuiya ndogondogo zina wajibu hapa: mwenye hofu akipata watu wa kumtembelea, kusali naye na kumchangia nauli ya hospitali, mlango wa mganga unapoteza mvuto wake.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina hirizi nyumbani. Nifanye nini? Iondoe bila kuogopa. Waamini wa Efeso walivichoma hadharani vitabu vyao vya uchawi, vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha, na Neno la Bwana likazidi kuenea (Matendo 19:19-20). Ichome, au umpelekee paroko akusaidie, kisha ukapokee Sakramenti ya Kitubio. Hirizi haina mamlaka juu ya mtu aliyebatizwa anayerudi kwa Kristo.

Je, dawa za mitishamba ni ushirikina? Jani, mzizi au gome linalotibu kwa nguvu ya asili ni zawadi ya Muumba, ingawa busara inadai kujua kipimo na kumweleza daktari. Inakuwa ushirikina pale tiba inapoambatana na ramli, kuita mizimu, kafara au masharti ya siri. Katekisimu (na. 2117) inasema wazi kwamba kutumia tiba za jadi hakuhalalishi kuziita nguvu za giza wala kunyonya wepesi wa wengine wa kuamini.

Je, mlei anaweza kuendesha ibada ya kupunga pepo? Kanuni ya 1172 inaelekeza kwamba anayefanya hivyo kwa waliopagawa ni padre aliyepewa ruhusa maalumu na ya wazi na Askofu wa mahali. Mwenye mashaka aanze kwa paroko wake.

Vitu vilivyobarikiwa vikivunjika tuvifanyeje? Visitupwe jalalani. Vinavyoungua vichomwe na majivu yake yafukiwe. Visivyoungua vifukiwe ardhini mahali pasipokanyagwa. Matawi ya mwaka uliopita yarudishwe kanisani yachomwe kwa ajili ya majivu.

Nikipoteza medali yangu, je, nimepoteza ulinzi? Hapana. Mungu anayekulinda hajapotea. Swali hili ni kipimo kizuri kwa kila mmoja wetu: anayetetemeka kwa kupoteza medali kuliko anavyohuzunika kwa kukosa Misa ya Dominika, na aichunguze imani yake.

Hitimisho

Tuvitunze visakramenti vyetu, tuvitumie, na tuwafundishe watoto wetu maana yake. Anayeitupa rozari kwa kuogopa kuitwa mshirikina anapoteza msaada ambao Kanisa limempa. Anayeishika bila kusali ameshika punje tupu. Leo jioni, kabla ya kulala, tuishushe ile rozari kutoka kwenye msumari, tuikusanye familia, na tuisali angalau fungu moja, tukiwakumbuka kwa namna ya pekee wale ambao usiku huu hofu inawasukuma kuelekea mlango usio wa Mungu. Bikira Maria, Msaada wa Wakristo, atuombee.